Kiti cha Kamati ya Malka

Hadi leo mtu akinisifu kwamba niliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya malka, nakohoa na kubadili mazungumzo. Malka ni njia ya ng'ombe kufika mtoni. Miaka ile ya hamsini, kama sasa, sisi wakulima tulikuwa tumeujaza ukingo wa Tana mahindi, mpunga na migomba, kwa hiyo ilibidi watu wakae chini wakubaliane ng'ombe wapite wapi. Wasipokubaliana kwa maneno, watakubaliana kwa marungu. Ndiyo maana baraza la wilaya liliunda kamati, nusu wakulima, nusu wafugaji Waorma, na tangu ilipoundwa mwenyekiti wake alikuwa baba mkwe wangu.

Baba mzazi simkumbuki. Mzee huyu alinipa binti yake bila kunisumbua, akanikatia na kipande cha kulima kando ya shamba lake, karibu na Hewani. Alikuwa mkali, hana simile, na wakulima wenzake aliwakaripia kikaoni kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Nilipochaguliwa kuingia barazani, furaha yangu kubwa ilikuwa kwamba nitakaa naye kikao kimoja.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza. Uchaguzi ukishapita, vyeo vyote vya kamati huwa wazi, hata kama aliyekuwa navyo amerudi barazani. Mzee alikuwa amerudi kwa kishindo, kwa hiyo kwake mambo yalikwisha. Aliona kiti kile kama shamba: ukishalifyeka ni lako mpaka ufe.

Siku ya kikao cha kwanza, pale Garsen, aliingia, akaketi mahali pake mwisho wa meza, akavua kofia. Sote tulijua, na sote tukainua macho kutazama mabati. Karani ndiye aliyejikaza.

"Samahani, mzee. Keti benchini kwanza. Kiti hicho sasa hakina mtu."

Mzee akajitazama, akakitazama kiti. "Hakina mtu? Na mimi nani?"

Mtu akacheka. Nilishikwa na aibu utadhani mimi ndiye niliyecheka.

Alihamia benchini, na jina lake likawa la kwanza kupendekezwa. Nikapumua. Ndipo mzee mmoja wa Kiorma, rafiki yake wa siku nyingi na mtu wa heshima zake, aliposimama na kuninyooshea fimbo.

"Uchaguzi iko, haya, tuchague. Lakini kiti isitoke nyumba ile. Mzee apumzike, mtoto yake akae. Sisi hapana taka mtu mgeni."

Wafugaji wenzake wakaitikia kwa vichwa. Maskini, alidhani anamtunzia rafiki yake heshima. Hakujua, na angejuaje, kwamba kwa mzee wangu afadhali ashindwe na adui kuliko na mume wa binti yake.

"Naomba mniondoe," nikasema. "Siwezi kushindana na baba."

Hapo mzee akakasirika, na si kwa sababu nilipendekezwa, bali kwa sababu nilikataa. "Simama, mwanangu! Watasema nimekutisha. Simama uone kura zinavyopigwa."

Alikuwa na hakika ya kushinda. Ningemkatalia vipi mbele za watu? Nilisimama kwa utiifu, na utiifu haujawahi kuniponza kama siku ile.

Kura zilikuwa za kusimama nyuma ya mtu. Tuliwekwa bega kwa bega, nyuso ukutani, tusiwaone wapigaji. Nikasikia fimbo za wafugaji zikigonga sakafu, zikija upande wangu. Nikamwomba Mungu wakulima waende kwake. Wakaja kwangu, wale wale waliokaripiwa miaka yote, na mmoja wao akawa ananihemea kisogoni. Nyuma ya mzee kulikuwa kimya. Nilimwibia jicho, nikaona anatabasamu.

"Geukeni," akasema karani.

Nyuma yake alikuwa amesimama mtu mmoja tu, jirani yake wa mpakani, ameinamisha kichwa. Mzee alimpa mkono, kisha akanipa na mimi. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Karani akanivutia kiti, nikaketi. Yule rafiki yake akaniombea dua, uso umemkunjuka kwa furaha. "Nyumba moja!" akasema. "Nyumba moja!"

Baba mkwe wangu akainua mkono kutoka benchini. Ndani ya chumba kile hakuwa amewahi kuomba nafasi ya kusema.

"Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa nitoke. Sijisikii vizuri."

Nilimgeukia karani, nikitumaini atajibu yeye. Karani akatikisa kichwa: mjumbe hatoki ila kwa kauli ya mwenyekiti. Mzee alisimama akingoja, mikono ameishusha.

"Ruhusa, baba."

"Asante, Bwana Mwenyekiti," akajibu, akatoka. Na tangu siku hiyo mpaka tulipomzika, hata uani kwake, hata mbele ya binti yake, hakuniita jina jingine.