Bonde Lisilokuwamo Kitabuni

Mwalimu Gebrezgi wa Adwa alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kufundisha vita akiwa ndani ya nyumba. Milima ileile iliyowameza Waitaliano mwaka 1896 ilimchungulia dirishani. Basi aione, kisha aendelee kukaririsha tarehe? Akawa anawapandisha wanafunzi vilimani. Wazazi wakalalamikia viatu. Ndipo akaja mkaguzi, Bwana Wolday, na onyo: somo la leo likitoka nje ya kitabu, kesho Gebrezgi anahamia stoo ya chaki.

"Kitabu kina ramani," mkaguzi alisema kilimani, akihema. "Milima ya nini tena?"

"Ramani ina vidoti, bwana mkubwa. Mabonde hayamo."

Gebrezgi aligawa darasa makundi matatu, kama majeshi ya Waitaliano yalivyogawanyika siku ya vita, akayaambia yakutane kwenye kanisa lililoonekana ng'ambo. Mkaguzi alijipa ujenerali wa kundi la kati.

"Sentimita mbili tu kwenye ramani!" akasema, kitabu mkononi. Wanafunzi wake, watoto wa palepale, wakazunguka kwa njia ya mbuzi. Yeye akanyoosha moja kwa moja.

Makundi yote yalifika kanisani. Jenerali hakufika. Kutoka chini kabisa sauti ilipanda: "Nawaoneni! Njooni!" Walimsikia vizuri; pa kumfikia moja kwa moja hapakuwapo.

"Mwalimu," akasema Tsegereda, ambaye darasani hakuwahi kufungua kinywa, "kumbe ndiyo maana Waitaliano hawakusaidiana?"

Miaka ishirini Gebrezgi alilingoja swali hilo, nalo limekuja siku kazi yake inapotelea korongoni.

Sauti ikanyamaza. Walishuka mbio kwa njia ya mbuzi, wakamkuta kwa bibi mmoja, Adey Letensea, kiatu kimoja mguuni, suruali imechanika, bisi mapajani.

"Huyu mtu wenu?" bibi akauliza. "Alilia bondeni kama mwanakondoo, nikamvuta kwa kamba ya ng'ombe."

"Pole, bwana mkubwa. Twende," Gebrezgi akasema.

"Aende wapi? Hajanywa kikombe cha tatu cha kahawa! Cha tatu ndicho baraka. Nawe mwalimu, kaa, ukisimama mlangoni unaniletea upepo motoni."

Mkaguzi alikunywa bila ubishi, kisha akaandika ripoti yake juu ya goti. Gebrezgi alichungulia:

"Somo lilifuata kitabu hadi ukingo wa bonde. Kuanzia hapo kitabu kilininyamazia. Mwalimu abaki darasani, yaani nje. Chaki ipunguzwe, viatu viongezwe."