Simu Yangu Ilikuwa Rwanda

Nyumba yangu iko bondeni, mwendo wa bodaboda kutoka Kimuli, mkoani Kagera, na bondeni hakuna mtandao. Zamani hilo halikunisumbua. Mke wangu alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepanda kilimani kila Jumapili na simu yake ya kitochi kuzungumza na mwanetu aliye Ulaya, kisha akashuka na habari zote huku mimi nimekaa zangu na redio. Alipofariki ndipo nilipogundua kwamba mimi na mwanangu hatujawahi kuzungumza zaidi ya dakika mbili. Nilimwuliza kuhusu baridi, akaniuliza kuhusu ng'ombe, tukaishia hapo.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mwalimu mstaafu ni mtu asiyependa kuelekezwa. Mwanangu aliponitumia simu janja pamoja na ukurasa mzima wa maagizo, niliusoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Zima data ukimaliza kuitumia, la sivyo bando litakwisha bila wewe kujua. Data ya nje ya nchi iache imezimwa daima. Ujumbe kutoka namba usiyoijua usiufungue, ufute, wala usibonyeze kiungo cha mtu anayekuahidi zawadi. Punguza mwanga wa kioo, chaji ikae. Sikuona kosa hata moja la kusahihisha, jambo lililoniudhi kidogo. Nikayafuata yote kama amri kumi.

Sitaki kujifanya. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa namenya ndizi nyingi kwa mazoea, nakula mbili, zinazobaki anakula mbwa. Nilizungumza na ng'ombe, na ubaya wa ng'ombe ni kwamba hana ubishi. Mke wangu alikuwa na ubishi hadi siku ya mwisho, na mimi niliyeuona ni kero sasa ningetoa fahali wangu niusikie tena asubuhi moja tu.

Basi siku moja nikiwa kilimani ukaingia ujumbe wa mwanangu. Mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, na madaktari wa huko walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Alhamisi. "Jumapili saa kumi jioni nitakupigia kwa video, tata," aliandika. Tata ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu. "Mtoto atakuwa mkononi mwangu. Umtazame, umpe jina. Jumatatu tunaandikisha."

Nilikaa chini kwenye majani. Kwetu mtoto wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina na babu yake, lakini vijana walioondoka wamesahau mengi, na sikutarajia kuombwa. Tangu mama yake azikwe, hilo lilikuwa jambo la kwanza mwanangu kuniomba. Siku zilizofuata nililitafuta jina hilo kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea. Nilipitia wazee wetu wote mmoja mmoja. Huyu alikuwa shujaa lakini mlevi. Yule alikuwa mpole lakini alikufa akiwa kijana, na sikutaka kumpa mtoto mzigo huo. Ijumaa asubuhi, wakati nakamua, likaja lenyewe, nikacheka peke yangu zizini.

Jumamosi nikaanza kuhangaikia mtandao. Pale ambapo mke wangu alizoea kukaa palitosha kwa kupiga simu ya kawaida na kupokea ujumbe, lakini video inataka nguvu. Nikatembea juu ya kilima na simu mkononi nikihesabu vile vijistari vya mtandao. Kimoja. Viwili. Nikavuka hadi ukingo wa magharibi, unaotazama bonde la mto Kagera na milima ya Rwanda ng'ambo, na hapo vikajaa vyote! Nikaweka jiwe la kukalia. Nilijisifu sana, na hapakuwa na mtu wa kunikatiza.

Jumapili nilivaa koti la kanisani, nikanyoa ndevu, nikapanda mapema. Data niliiwasha. Mtandao ulikuwa umejaa. Simu iliposema ni saa kumi kamili nilisimama, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Niliona ng'ombe wa jirani wanarudishwa kutoka majini, nikashangaa kwamba leo wamewahi. Saa kumi na moja ikafika, na hakuna aliyenipigia. Nilikaa hadi jua likazama, nikashuka na koti langu.

Jumatatu nilipanda tena. Jumanne nilipanda bila koti. Kila mara vijistari vilikuwa vimejaa, kwa hiyo lawama sikuwa na pa kuipeleka ila kwa mwanangu. Kulikuwa na ujumbe mmoja mmoja wa namba za ajabu, nikaufuta bila kuufungua, kama nilivyoagizwa. Nikajiambia: amesahau. Au amekumbuka, mkewe akakataa. Au ameona aibu ya mzee wa bondeni mbele ya wageni. Hasira ikanipanda. Nikaizima simu na kuitia ndani ya sanduku la nguo za mke wangu, na kwa wiki tatu sikuigusa ila kuiwasha asubuhi kutazama saa. Hata saa ilinigombanisha na watu. Jumapili nilifika kanisani nikakuta wanatoka, nikamkaripia mzee wa kanisa kwa kubadilisha muda wa ibada bila tangazo. Alinitazama kwa huruma, huruma ile wanayopewa wajane wa kiume walioanza kuchanganyikiwa.

Mwisho nikaamua kuiuza. Nilikwenda nayo Nkwenda siku ya soko, kwa mama mmoja mwenye duka la simu na vifaa vyake, ambaye wazazi wake walitoka pwani na Kiswahili chake kina raha ya kusikiliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nunua hii simu. Haina faida."

"Simu haiuzwi kwa hasira, mwalimu wangu. Kwanza tuitazame ina nini." Akaiwasha, akaanza kuperuzi. Kulikuwa na ujumbe mmoja ambao sikuwahi kuufuta. Akausoma, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Mwalimu, ulikwenda Rwanda lini?"

"Sijawahi kwenda Rwanda."

"Wewe hujaenda, simu yako imekwenda. Hapa wanakukaribisha nchini kwao!"

Akanieleza taratibu, bila kunicheka tena. Pale ukingoni mnara wa ng'ambo ndio wenye nguvu, na simu huufuata wenye nguvu bila kuuliza mpaka uko wapi. Laini yangu haikuwa imefunguliwa kupokea simu nje ya nchi, na data ya nje nilikuwa nimeizima, tena kwa agizo la mwanangu mwenyewe. Mtandao ulijaa, lakini haukuwa wangu. Hata saa ilikuwa ya kwao, nayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mzee wa kanisa hakuwa na kosa lolote, nami nilikwenda baadaye kumwomba radhi. Miaka yote watoto wa watu niliwafundisha kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa gizani mchana kweupe, juu ya jiwe.

Akanionyesha, nikaandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo leo nawasomea majirani wote wanaopanda kilima chetu. Usihesabu vijistari, soma jina la mtandao lililo juu ya kioo. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, uchague wako mwenyewe. Saa nayo usiiachie simu, iwekee majira ya Tanzania kwa mkono. Na ukiona simu na jua havipatani, liamini jua.

Kisha akawasha data. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza ya kioo, ikatetemeka hadi akaishika isianguke. Simu za mwanangu zilizokosa kupokewa ziliteremka moja baada ya nyingine: za ile Jumapili, za Jumatatu asubuhi, za Jumatatu mchana. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti. "Tata, tunangoja jina." Na mwingine: "Tata, wanataka kufunga ofisi."

Yule mama akaniachia kiti chake, akaenda kupanga chaja ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nikapiga. Uso wa mwanangu ukatokea, una ndevu ambazo mama yake angezikasirikia.

"Tata! Shikamoo. Uko hai?"

"Marahaba. Niko hai, simu ndiyo iliyokuwa Rwanda." Nikamweleza yote. Alicheka.

"Mimi nilidhani hukutaka kumpa jina," akasema. "Kwa sababu mama wa mtoto si wa kwetu."

Nilitaka kumwambia juu ya koti na kunyoa ndevu. Badala yake nikaomba nimwone mtoto. Akamleta mtoto karibu na kioo, wa kiume, amelala, paji la uso ni la mke wangu kabisa. Walikuwa wamempa jina la babu yake wa upande wa pili, aliyekuwapo pale hospitalini. Nikaliuliza, nikalitamka mara mbili ili ulimi ulizoee.

"Ni jina zuri," nikasema.

"Tata, wewe ulikuwa umeshamtafutia jina?"

Alikuwa amekaza mabega, anangoja.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa bado nafikiria."

Mabega yakashuka. Akatabasamu, akaniuliza kuhusu ng'ombe.