Inchi Sita za Mashimba

Mashimba wa Bariadi alikuwa na kila kitu ambacho mtu mdogo huhitaji ili ajione mkubwa: duka la pembejeo linalotazama barabara ya lami, kofia pana ya ngozi isiyofaa kwa jua lolote ninalolijua, na Landkruza nyeupe. Alichokosa ni mke. Kabula alikuwa amerudi kwa wazazi wake Lalago, na kisa chake kilikuwa kinasimuliwa sokoni na watu ambao hawajawahi hata kumwona.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku moja ya kiangazi Mashimba alikuwa anatoka Lalago kukusanya madeni ya pampu za dawa, vioo vimefungwa, muziki umefunguliwa. Kando ya barabara alikuwa anatembea mwanamke mtu mzima anatoka mashineni, ndoo ya unga kichwani. Mwanamke akapunga mkono. Mashimba akamwona, akamtambua kuwa ni Mayu Generoza, mama mkwe wake, na akapita. Baadaye alieleza kwamba alikuwa na haraka. Haraka yenyewe ilikuwa mpira kwenye televisheni. Mama alifika nyumbani mwekundu kwa vumbi kuanzia kilemba hadi kandambili, na unga wake ukiwa na rangi ya barabara. Habari zilipomfikia Kabula, alifungasha.

Wazee wangeweza kudai ng'ombe. Baba yake Kabula, Mzee Masunga, hakudai. Alituma ujumbe mwepesi kuliko faini yoyote: nkwilima, yaani mume wa binti yake, aje na gari lake lilelile. Mama mkwe apande, akae mbele, apelekwe hadi Bariadi kwa njia ileile, watu wakiona. Yeye ndiye atakayemkabidhi Kabula kwa mumewe mlangoni. Mama asipopanda, Kabula hatoki.

Mtu mwenye akili ya kawaida angeliosha gari na kuondoka. Mashimba, katika ujumbe wote ule, alibaki na jambo moja tu, gari. Akaona wakwe zake wanataka kuliona, na akaamua waone.

Nilimkuta gereji kwa Hilali, jirani na duka lake, nikiwa natafuta usafiri wa kwenda upande wa Maswa. Hilali alikuwa amelala chini ya Landkruza, miguu tu ndiyo inaonekana. Mashimba alikuwa amesimama juu yake kama anasimamia ujenzi wa daraja.

"Kulinyanyua kwa njia zetu hizi, inchi mbili zinatosha," ilisema sauti ya chini ya gari. "Ukibeba mzigo wa kwenda Kasoli springi hazilali. Zaidi ya hapo unatafuta maneno."

"Ndalahwa ulimfungia ngapi?"

Miguu ya Hilali ilitulia. "Nne."

"Nne."

"Lakini Ndalahwa anaingia porini, bosi. Anafuata ng'ombe huko Meatu."

"Na mimi siingii porini?"

"Unaingia?"

"Naweza kuingia."

Asumini, mke wa Hilali, alikuwa nyuma ya kaunta ya vipuri. Hakuinua macho kwenye simu yake. "Shemeji, pori lako linaishia hapo kwa muuza chipsi."

"Shemeji, wewe uza boliti."

"Nauza. Chukua na sindano na uzi, suruali itapasuka ukipanda."

Ndalahwa ni mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye nyumba ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Mashimba. Magari yao hulala yakitazamana. Tangu Ndalahwa anyanyue lake, Mashimba akikaa kwenye kiti chake dukani anaona tairi za jirani mahali ambapo zamani aliona kioo, na jambo hilo lilikuwa linamla. Mkoa huu wote umekulia kwenye mashindano ya ngoma: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Ni mchezo mzuri, ukiwa ngoma. Mashimba ameufanya kuwa kanuni ya maisha. Anaamini kwamba watu wakigeuza shingo kukutazama, basi umeshinda, hata kama wanatazama ajali.

"Mimi nifungie sita," alisema.

Hilali akatoka chini ya gari, akajifuta mikono. Akaeleza kwamba kwa inchi sita propela shafti, ule mhimili unaozungusha tairi, inakaa mshazari na itatetemeka, mipira ya breki itavutika, na kwenye kona gari litakuwa zito juu kama mtu aliyebeba debe la maji amelewa. Akaongeza kwamba katika tope jeusi la mbugani kinachozama ni tairi, na tairi haijui springi ina urefu gani. Ukikwama na inchi sita, faida yako ni kuona mbali wakati unasubiri trekta. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli, na aliyatamka kama kondakta anayesoma masharti nyuma ya tiketi. Kisha akasema, "Sita ninazo."

Alikuwa nazo kweli. Dereva mmoja wa watalii aliziagiza kisha hakurudi, zikabaki stoo chini ya vumbi zikimsubiri mjinga, na sasa mjinga amefika kwa miguu yake mwenyewe. Katika safari zangu nimefanya mazungumzo na mafundi wa namna hii bandarini Sudan na milimani Eritrea. Wanaujua ukweli, wanakutajia mara moja ili lawama isiwe juu yao, halafu wanakuuzia kinyume chake.

"Wakwe zangu wakiliona hili," Mashimba alisema, akipapasa springi mpya kama mtu anayempapasa ndama, "maneno yataisha."

Kesho yake akanipa lifti. Kupanda tu kulinilazimu kushika mlango, kiti na heshima yangu kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe alipanda kwa kuruka, akakosa, akaruka tena. Uzi wa Asumini ungefaa.

Hadi Maswa ni lami. Gari lilikuwa linatetemeka kutoka chini, mtetemo mdogo usiokoma, na usukani ulikuwa unatafuta kando ya barabara kila Mashimba alipopumzisha mikono. Hakujali. Alikuwa anatazama mapaa ya magari mengine kwa furaha ya mtoto aliyebebwa mabegani. Kila tulipoipita pikipiki aliinama kidogo dirishani ili mwendeshaji amwone. Baada ya Maswa tukaingia vumbi. Ilikuwa kiangazi kikavu, barabara imechongwa na greda muda si mrefu, na katika safari nzima kitu pekee kilichopita chini ya gari lile na kuhitaji nafasi kilikuwa kuku.

Tulipofika mahali alipompita mama mkwe, alipunguza mwendo. Nilidhani ameona haya. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, anaweka kofia sawa.

Kwa Mzee Masunga walikuwa wamejiandaa. Uwanja umefagiliwa, ndama wamefungwa, majirani wamekuja kwa visingizio mbalimbali vya kuazima chumvi. Begi la Kabula lilikuwa mlangoni, na Kabula mwenyewe amekaa juu yake, amevaa gauni la safari. Niseme wazi: alikuwa tayari kurudi. Mtu yeyote aliyekuwa uwanjani pale aliliona hilo isipokuwa mumewe, aliyekuwa anahesabu nani anatazama gari.

"Mwangaluka, baba," Mashimba alisema, akipiga goti.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kila kitu kikawa salama kama salamu zinavyotaka. Kabula akalipandisha begi lake kiti cha nyuma, mikono yote miwili juu ya kichwa, na akamtupia mumewe jicho. "Umelifanya nini hili?"

"Unalionaje?"

"Naona chini yake."

Kisha Mayu Generoza akatoka ndani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, anatembea polepole kwa sababu ya goti. Mashimba akasogea pembeni na kutazama ardhi, kama inavyotakiwa. Huko nkwilima hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Akipita, yeye hukaa kando na macho chini. Mama akaufikia mlango wa mbele uliofunguliwa, akainua mguu, akauteremsha. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake.

Akajaribu tena akishika kiti. Kabula akaja kumsukuma kwa nyuma. Kitenge kikapanda, goti likaonekana, na mama akasimamisha kazi yote papo hapo kwa neno moja la Kisukuma ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Mashimba akageuka akatazama zizi. Hakuweza kumbeba, hakuweza kumshika mkono, hakuweza hata kuangalia. Alikuwa amejenga mlima mbele ya mtu pekee duniani ambaye yeye haruhusiwi kumsaidia kuupanda.

Ikaletwa ndoo, ikapinduliwa, ikapasuka. Mtu akataja kigoda. Kigoda kilikuwa chini ya Mzee Masunga, na Mzee Masunga alikitazama kana kwamba amesikia kikitajwa kwa mara ya kwanza maishani. Kigoda cha mwenye mji hakikanyagwi, hata na mkewe mwenye goti bovu. Huyo naye sina la kumsifia.

Mahali hapo Mashimba angeweza kuokoka. Angesema amekosea, arudi na gari jingine. Majirani wangecheka, Kabula angenuna siku nzima, mambo yangeisha. Lakini kusema amekosea kungekuwa kusema inchi ni nyingi. Basi akiwa bado amewapa mgongo, anaongea na zizi, akatoa wazo.

"Mayu, pale mnadani pana kile kituta cha kupakilia. Nikirudisha gari nyuma pale, utaingia tu, unatembea."

"Kituta cha kupakilia nini, nkwilima?" aliuliza Mzee Masunga.

"Mizigo, baba."

"Mizigo gani?"

Mashimba alizidi kulitazama zizi. "Ng'ombe."

Mayu Generoza alikung'uta kitenge chake, taratibu, upande mmoja halafu wa pili. "Si haba," alisema. "Siku ile nilikuwa mti wa barabarani. Leo nimekuwa ng'ombe. Napanda cheo."

Aliyecheka kwanza alikuwa Kabula. Alicheka akishika mlango wa gari, alicheka mpaka machozi, na majirani wakafuata. Halafu akanyamaza, akavuta begi lake kutoka kiti cha nyuma, akalipokea kichwani na kuingia nalo ndani bila kugeuka.

"Kabula," Mashimba aliita.

"Rudi na gari la watu," Mzee Masunga alisema. Wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nilirudi naye, maana begi langu nilikuwa nimelisahau gereji, na safari yote Mashimba alikuwa na maelezo. Wakwe wana wivu. Mama angejikaza angepanda. Majirani wale ni washamba, hawajawahi kuona gari lililonyanyuliwa. Nilitazama dirishani. Kutoka juu kule vumbi letu lilionekana vizuri sana, likiwafunika watembea kwa miguu mmoja baada ya mwingine.

Siku iliyofuata nilipita kwa Hilali kuchukua begi nililoliacha. Landkruza ilikuwa pale, tairi zimetolewa.

"Anashusha," Asumini aliniambia. "Mapenzi hayo."

"Nikushushie hadi mbili?" Hilali alikuwa anamuuliza.

Mashimba aligeuka. Alitazama ng'ambo ya barabara, mahali gari la Ndalahwa lilipokuwa limeegeshwa kivulini, limetulia. Alilitazama kwa muda ambao mtu mwingine angetumia kumfikiria mkewe.

"Tano," alisema.

"Tano sina. Naweza kufunga za nne, nikapachika vipande vya chuma chini yake."

"Pachika."

Mvua zilipoanza nilipita tena Lalago. Kabula alikuwa bado kwa baba yake, shambani, pamoja na mama yake, wanapanda pamba. Alinitambua, akanyoosha mgongo, akaniuliza habari za Bariadi.

"Gari bado liko juu?"

"Limeshuka kidogo."

"Kidogo," alisema.

Akadondosha mbegu shimoni, akazifukia kwa kisigino, akasogea mbele. Mistari waliyokwisha kuipanda ilikuwa mingi, na pamba ya Lalago haivunwi kabla ya Juni.