Kovu la Maabara

Mjukuu wangu alikuwa akisoma kemia katika chuo kidogo. Likizo moja alirudi hapa Bariadi na kovu jeusi mkononi, tindikali ya maabara ilimrukia. Mwanangu, ambaye ni baba yake mdogo na ndiye aliyemlipia ada tangu baba yake afariki, aliliona akashika kichwa.

“Binti mweupe hivi! Kwa rangi hii watu hutoa ng'ombe wengi. Ukirudi kule ukaungua na uso, nani atatoa?”

“Baba mdogo, nimebakiza mwaka mmoja tu.”

“Ada silipi tena. Utaolewa.”

Nikamwambia mwanangu, “Huyu si ndama wa mnadani. Mwache amalize.”

“Mayu, mahari ni mambo ya wanaume. Kaangalie ugali wako usiungue.”

Nimemzaa mimi, na ndivyo alivyonijibu mbele ya mtoto. Siku wakwe walipokuja, binti alivalishwa gauni la mikono mirefu ili kovu lisionekane. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anasoma nini.

Ng'ombe wako zizini hadi leo. Kila asubuhi mwanangu huniletea maziwa yao, nami humpa mbwa.