Baiskeli Yangu Katika Ngolo za Mama Hyera

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo hiyo baada ya kunyesha siku mbili mfululizo, nami nilisimama juu ya kilima kule Kitura, baiskeli begani. Chini yangu palikuwa na shamba la mama mmoja mjane, Mama Hyera, na katikati ya shamba hilo maji yalikuwa yamechimba mfereji ambao mtu mzima angeweza kulala ndani yake. Mimi ndiye niliyeyafungulia maji yale njia. Nilijua hivyo kabla mtu yeyote hajaniambia.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi, ulipoleta ringi yako iliyopinda hapa kibandani kwangu, ulisema neno lililonifanya niweke spana chini. Ulisema kazi ya kupeleka vifurushi inakula siku nzima, na mbio za baiskeli za milimani zimebakiza wiki chache, kwa hiyo kuanzia sasa utafanya mazoezi humo humo kazini, mzigo mgongoni na saa mkononi. Ulilisema kama mtu aliyegundua jambo jipya duniani. Nilicheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau hata kidogo, mwanangu. Nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Katika umri wako na mimi nilikuwa mpeleka vifurushi. Wakati ule bodaboda zilikuwa hazijajaa Mbinga kama sasa, na wenye maduka walinipa mimi kila kitu chepesi cha kupeleka vijijini: dawa, barua, vipuri vya mashine za kumenyea kahawa, miwani ya wazee iliyotoka kutengenezwa. Mara moja moja niliteremka mpaka ziwani, Mbaha, nikalala huko na kurudi kesho yake nikinuka usipa, wale dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa. Baiskeli yangu niliinunua kwa padri mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya gia, na matairi yake yalikuwa na meno manene ambayo wilaya nzima hapakuwa na mengine. Niliiosha baiskeli ile kuliko nilivyojiosha mimi, na marehemu mama yangu alilalamika sana juu ya jambo hilo.

Basi tukasikia kwamba baada ya Pasaka kungekuwa na mashindano ya baiskeli za milimani huko Songea, kwenye vilima vya Matogoro, na watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenda kambini Arusha kufundishwa. Arusha! Mimi nilikuwa sijafika hata Njombe. Niliitaka safari ile mpaka chakula kikawa hakinipandi.

Nikajipangia kama ulivyojipangia wewe. Kila safari ya kazi ikawa mbio. Nilitazama saa nikitoka mjini, nikaitazama tena nikifika. Sasa kwetu sisi Wamatengo, unajua mwenyewe, anayeleta mzigo haudondoshi mlangoni akaondoka. Anakaa, anaulizwa habari za mjini, anakunywa togwa, anapewa salamu za kurudi nazo. Mimi nikaanza kuusukuma mzigo mikononi mwa mtu huku mguu mmoja uko kwenye pedeli. Bibi mmoja aliniuliza kama kwetu kuna msiba. Nilimjibu hapana, nikiwa nimeshampa mgongo.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa ni la zile ngolo.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo acha nikukumbushe, usinune. Milima yetu ni mikali, na ukiilima hivi hivi udongo wote utakwenda mtoni. Ndiyo maana wazee wetu waliilima kwa ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba mlima mzima. Wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, wanapata matuta, na juu ya matuta wanapanda maharage. Katikati panabaki shimo. Mvua ikija inaingia mashimoni, inatulia humo, inazama taratibu. Mimi mwenyewe nimelaza nyasi tangu nikiwa kijana mdogo, hivyo sikuwa na kisingizio cha kutokujua.

Barabara ya kwenda Kitura ilikizunguka kilima cha Mama Hyera chote. Ukikatiza shambani kwake uliokoa robo saa. Mara ya kwanza niliibeba baiskeli nikapita pembeni kwa adabu. Mara ya pili niliipanda. Sikufichi, mwanangu, raha yake siwezi kuieleza! Tuta, shimo, tuta, shimo, unaruka na kutua, mikono inajifunza breki, magoti yanajifunza kukunja. Nikasema hata huko Matogoro hakuna njia ngumu kama hii. Nikawa napita hapo kila siku saa saba mchana, watu wakiwa wamerudi nyumbani kula, wiki tatu nzima. Kila tairi lilipopita tuta likabomoka kidogo, na mimi nikaona ni kidogo. Mvua kubwa ilipokuja maji yakatoka shimo la juu kwa pengo nililolifungua, yakaingia la pili, la pili likajaa upesi, yakatoka kwa pengo jingine, mpaka yakapata nguvu ya kuubeba mlima.

Alhamisi ile ningeweza kugeuza nirudi barabarani. Niliwaza hivyo, nakiri. Lakini Mama Hyera alikuwa tayari ameniona, ameinama kwenye mfereji akiokota miche ya maharage iliyong'oka na kuipanga kwenye ungo. Nikateremka kwa miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Habari za mjini?"

"Nzuri. Leo sina mzigo wako."

"Sijaulizia mzigo," alisema. Akanionyesha kwa kidole alama kwenye tope la tuta lililobaki. "Baba, hebu niambie wewe unayetembea sana. Huyu ni mnyama gani anayepita kwangu mchana?"

Nilifungua mdomo nidanganye. Tairi langu lilikuwa hapo hapo kando ya sikio langu, limejaa udongo mwekundu wa shamba lake, na meno yake ni yale yale yaliyoko topeni.

"Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe, Thobia. Nilitaka kusikia kama na wewe unajua."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniambia kwamba maharage yale ndiyo mboga ya wajukuu wake mpaka mwakani, na kwamba mvua nyingine ikiukuta mfereji ule wazi, nusu yote ya chini itakwenda mtoni. Kisha akaniuliza, "Utanisaidia, au una haraka?"

Mashindano yalikuwa yamebakiza siku kumi. Nikamweleza habari za Matogoro na za Arusha. Alinisikiliza vizuri, kichwa amekiinamisha upande.

"Na huko Arusha wanakupeleka ukafanye nini?"

"Kuendesha baiskeli, Mama."

"Kwani hapa umekatazwa?"

Mchana ule ule, baada ya kupeleka mizigo yangu, nilirudi na jembe.

Nilidhani nitalaza nyasi, kazi ya wanaume, kisha wanawake wa jirani waje kufunika. Mama Hyera akasema wanawake wa jirani hawana baiskeli, aliyebomoa afunike mwenyewe. Basi nikafunika ngolo, mwanamume mzima na misuli yangu, barabarani watu wanapita. Walicheka mpaka wakakaa chini. "Thobia, unaolewa lini?" mmoja alipiga kelele. Siku ya pili walikuja wengine kutoka mbali kidogo, makusudi kunitazama. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona tena, na ninapoyakumbuka leo nacheka peke yangu.

Jumamosi Mama Hyera alinikuta nimekaa ukingoni mwa shimo, nimesinzia huku nimeshika mpini. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu wiki mbili nyuma, nami nilikuwa nimelificha kwa kulifunga kitambaa ndani ya suruali. Mama Hyera aliliona. Hawa mama zetu hawafichwi kitu.

"Thobia, katika juma unafanya kazi siku ngapi?"

"Saba."

"Na mazoezi yako?"

"Saba."

Akacheka, halafu akasukuma udongo kwa mguu akalijaza shimo moja tulilolimaliza asubuhi. Lilinichukua saa nzima shimo lile, nikataka kulia.

"Mgeni akiliona shimo hili tupu anadhani tulisahau kupanda hapo," alisema. "Sasa nimelijaza, shamba limeongezeka. Mvua ikija?"

"Maji hayana pa kukaa."

"Haya. Wewe umejaza kila mahali. Kazi umeiweka ndani ya mazoezi, mazoezi umeyaweka ndani ya kazi, umetuweka na sisi humo humo na maharage yetu. Goti lako limekwambia, hukusikia. Kesho ni Jumapili, usije hapa. Nenda kanisani, ule, ulale. Na hilo shimo ulichimbue kabla hujaondoka."

Nililichimbua. Jumapili nilitoka misani nikalala mpaka jua linazama, mama yangu akaja mara mbili kuangalia kama napumua.

Tulimaliza ngolo za mwisho Jumatano, na mvua iliyonyesha usiku wake haikubomoa kitu. Mazoezi nilipata jioni mbili tu, bila mzigo, barabarani, polepole. Nilikwenda Songea nikiwa na wasiwasi mkubwa, lakini goti limeshuka uvimbe.

Sitakuchosha na habari ya mbio zenyewe. Nilipanda vizuri, na katika mteremko nilikuwa mwepesi kuliko wengi. Tulipokaribia mwisho nilikuwa wa nne, wa tatu yuko mbele yangu hatua chache. Njia ilizunguka shamba la mihogo la mtu, na hapo hapakuwa na msimamizi. Yule wa mbele akakatiza shambani. Niliona matuta yaliyobomolewa na waliotangulia, nikaona shina la muhogo limelala. Nakwambia kweli, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukata kona. Nikashika breki nikazunguka.

Nilimaliza wa nne. Watatu walikwenda Arusha.

Nililia, mwanangu. Nilijifunga koti kichwani nyuma ya lori lililoturudisha nikalia kama mtoto, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka asubuhi nahesabu zile siku nilizozitoa kwa ngolo. Huenda zilinigharimu. Huenda goti lingevunjika kabla sijafika hata Songea. Sijui, na sitajua, na usimwamini mzee anayekwambia kwamba ukitenda mema unapewa kikombe.

Niliporudi nilipita kwa Mama Hyera kumpa habari. Sikusema neno juu ya ile mihogo. Alikuwa anapalilia. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliniuliza, "Ulipita njiani?"

"Nilipita njiani, Mama."

"Basi kaa ule."

Nikakaa, nikala, nikamweleza habari zote za Songea, kona kwa kona, na sikutazama saa. Tangu siku hiyo hakuna nyumba Kitura iliyonikatalia maji ya kunywa, na watu walewale walionicheka ndio walionichangia tairi lilipopasuka. Nilishindana miaka sita zaidi. Mara moja nilikuwa wa pili. Arusha nilifika uzeeni, kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na ni mji mzuri.

Sasa nisikilize, maana ringi yako iko tayari na najua unataka kuondoka. Asubuhi iwe ya vifurushi. Mpe mtu mzigo wake mkononi, msalimie, sikiliza anachokutuma. Kwa saa hizo wewe ni mtumishi wa watu, si mshindani. Jioni mbili au tatu katika juma ziwe za milima, na hapo usibebe kitu cha mtu, hata barua. Siku moja iache tupu kabisa, na mtu akikuuliza unafanya nini siku hiyo, mwambie hufanyi kitu, na usione haya. Goti likiuma liseme mapema. Shamba la mtu lizunguke, hata kama wote wamekatiza, hata kama hakuna anayekuona. Na ukishakosea, kwa sababu utakosea, chukua jembe kabla hujaitwa.

Mungu akulinde kwenye makona ya kuteremkia ziwani, breki zako zishike, mnyororo usikukatikie mlimani, na magoti yako yafike uzeeni yakiwa mawili. Uwe wa kwanza ukiweza, ukishindwa uwe wa nne kama mimi. Lakini utakaporudi, mwanangu, pita hapa kwangu uniambie ulipita wapi.