Dirisha la Kusini

Jarida jipya lilikuwa na harufu yake, kali, ya wino na gundi, na nyumbani kwetu Shika Adabu, Likoni, harufu hiyo ilimaanisha tukanawe mikono. Baba alikuwa mchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo mjini. Majarida ya kitaalamu yalifika pale kutoka Ulaya, wakubwa wakayapekua na kuyatupa rafuni, naye akavuka nayo feri kama aliyebeba mayai. Mimi na dada yangu Salma tuliruhusiwa kutazama, si kushika. Nilitazama sana. Kilichonishangaza ni kwamba nyumba zile zote hazikuwa na watu. Hapakuwa na ndoo wala kamba ya nguo, na sikuona mahali pa kuvulia viatu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Nyanya, mzazi wa mama yangu, alikubali nyumba yake ya udongo na makuti ibomolewe ili Baba amjengee ya mawe papo hapo, hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa na sharti moja tu: alale kwake, asije akawa mgeni wa mtu uzeeni. Baba aliichora nyumba ile kwa mapenzi yote, jarida likiwa wazi mbele yake. Liliandika kwamba nyumba ya kisasa hufungua kioo kikubwa upande wa kusini, na paa lake halina upenu. Waandishi wake walikuwa watu wa nchi za baridi wanaolisaka jua. Hilo hawakulisema, maana hawakufikiri kwamba kuna mtu Likoni anawasoma. Mama aliuliza mara moja tu, "Baba Salma, kusini si ndiko litokako kusi na mvua zake?" Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Masika yakaingia. Kusi likavuma, na maji yakapenya kila ukingo wa kile kioo. Kila asubuhi tulikwenda na matambara na mabeseni, tukakamua, tukaanika godoro, na jioni likalowa tena. Mpaka leo nikikumbuka nakereka. Kilichonikera zaidi ni kwamba Nyanya hakulalamika. Baba alikuwa mkwewe, na mkwe halaumiwi usoni. Akiulizwa hali ya nyumba alijibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, ina hewa nzuri," huku leso yake inachuruzika maji. Mama ndiye aliyechoka. "Mamangu hatalala majini kwa sababu ya picha," akamwambia Baba, akamhamishia Nyanya chumbani kwetu. Baba aliliziba dirisha kwa matofali, akawaandikia watu wa jarida barua ya heshima kuwaeleza habari ya kusi. Hawakujibu. Kikohozi kilikwisha kumshika Nyanya, na nyumbani kwake hakurudi tena. Alifia kwetu, akiomba radhi kila alipohitaji maji ya kunywa.

Leo mimi ni msanifu majengo, ofisi yangu iko Mkomani, na majarida yananijia kwenye simu hata nisipoyaomba. Picha zimekuwa kali zaidi, maneno yamekuwa marefu zaidi, lakini sijaona hata moja linalorudi kwenye jengo baada ya masika ya kwanza kuuliza panavuja wapi. Wanatusifia mwanga tu. Mwaka jana mojawapo liliomba picha za zahanati niliyoichora mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Ninajivunia baraza yake, yenye upenu mrefu, ambako wagonjwa husubiri bila kulowa wala kuungua. Mpiga picha aliitazama, akaniambia, "Madam, hao watu wanaharibu picha. Hawawezi kutoka kidogo?"

Nilikuwa na jibu lake tangu utotoni. Lakini nilitaka jina langu litoke jaridani. Baba alilifuata jarida kwa kuliamini. Mimi siliamini hata kidogo, na bado nililitii. Nilimwendea bi kizee mmoja aliyekaa na kadi yake ya kliniki, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba atupishe. "Marahaba, mwanangu, hapana tabu," akasema, akajikongoja mpaka nje, akasimama juani na wenzake. Picha ilitoka nzuri sana.