Hiba ya Kadi za Mpira

Daktari alipomwambia kwamba moyo wake umetanuka na hauna nguvu ya kumfikisha mbali, Kibwana alimshukuru, kisha akauliza choo kiko upande gani. Hakuwa jasiri, tusimpambe bure. Hakuhisi kitu, basi. Alitoka hospitali ya Msambweni na dawa zake katika mfuko wa karatasi, akanunua mkate njiani, akafika nyumbani na kumweleza mkewe Mwanakombo habari ile kwa sauti ya mtu anayesema maji ya mfereji yamekatika. Mwanakombo alilia. Yeye alikata mkate.

Siku zilizofuata zilikwenda hivyo hivyo. Watu walikuja kumjulia hali, na yeye mgonjwa ndiye aliyewapoza. Kitu kimoja tu kiliweza kumgusa, nacho kilikuwa katika sanduku la bati chini ya kitanda: kadi zake za wachezaji wa mpira.

Zilikotoka inafaa pajulikane, maana majirani walikwisha kusema mengi. Kibwana alitandika vyumba katika hoteli moja ya Diani tangu ujana wake, na mkono wake ulisifika kwa kukunja taulo. Alitoa ndovu, alitoa bata, hata kaa mwenye magando yake, akawaacha kitandani wamsubiri mgeni. Watoto wa Kijerumani na wa Kitaliano walipagawa. Wakamshukuru kwa walichokuwa nacho, kadi za wachezaji, wakiziacha juu ya mto. Mzazi akishaandika kibali cha kumwonyesha askari wa langoni, Kibwana alikwenda nazo nyumbani. Alikusanya hivyo miaka na miaka mpaka akapata timu nzima nzima, na kila timu akaifunga katika kofia ya plastiki ile ambayo wageni huvaa wakioga wasilowe nywele. Mwanakombo hakutaka kuona picha za watu katika chumba anachoswalia, kwa hiyo sanduku lilikaa limefunikwa. Kisha zikaja fujo za Likoni za mwaka wa tisini na saba, wageni wakakoma, hoteli ikafungwa, na Kombe la Dunia la mwaka uliofuata likapita bila hata kadi moja.

Aliyezijua kadi zile kama yeye ni Hafsa, binti yake wa pekee, mtoto wa mwisho. Kaka zake wawili, Feisal na Mwero, walizitazama mara moja utotoni wakaenda zao kucheza. Hafsa alikaa mkekani na babaye jioni nzima, wakipanga vikosi, wakibishana nani acheze na nani akae benchi. Sasa ameolewa Kombani, anauza leso sokoni, na bado akija haoni haya kumwambia babaye kwamba Kameruni ameipanga ovyo. Kibwana alitaka sanduku liwe lake Hafsa, zima, lisipungue hata kadi.

Akaenda kwa Ustadh Shutu, mwalimu wa madrasa, kutaka shauri la wasia.

"Hilo haliwi, mzee wangu," Ustadh alisema. "Mrithi haachiwi wasia. Hafsa ni mrithi, na fungu lake Mwenyezi Mungu amekwisha kulikata. Ukifa, kila ulichokiacha kitagawanywa. Mkeo thumuni, moja ya nane. Kinachobaki, wanao wa kiume mafungu mawili mawili, binti fungu moja."

"Hata kadi?"

"Hata sindano."

Kibwana alipiga hesabu kichwani. Mwanakombo angepata kipa na mguu wa beki, na wala asingetaka kuwatia machoni. Feisal angechukua viungo, Mwero angechukua washambuliaji, na Hafsa angebaki na wachezaji wa akiba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari, kifua kilimbana kwa jambo lisilokuwa maradhi.

"Basi hapana njia?"

"Njia iko. Mpe sasa, ungali unatembea kwa miguu yako. Hiyo ni hiba. Lakini kaka zake waridhie, usimpendelee mmoja kwa siri. Na umkabidhi kweli, mzee. Kitu kitoke mkononi mwako, kitoke nyumbani kwako, akikamate yeye. Ukisema nimekupa, na sanduku liko chini ya kitanda chako, hujatoa kitu. Litagawanywa tu."

Kaka hawakuwa na neno. Feisal alicheka, akasema karatasi ni karatasi. Mwero alisita kidogo, akiwaza kuwauzia watalii, kisha akakumbuka watalii hawapo, akaridhia. Kazi ikawa Hafsa mwenyewe.

Alipoitwa alikuja siku ile ile. Baada ya shikamoo na marahaba, Kibwana alilivuta sanduku mbele ya wote. "Hizi nimekupa," alisema. "Ni zako tangu leo. Nenda nazo."

Hafsa hakuligusa. "Ahsante, baba. Basi nakuwekea hapa hapa. Wewe ndiwe unayezitazama."

"Zikikaa hapa hazitakuwa zako."

"Na zisiwe. Kwani una safari gani?"

Akainuka kwenda kumsaidia mamaye kukuna nazi, na alipoondoka, aliondoka mikono mitupu. Kibwana akamtuma Feisal alipeleke sanduku Kombani. Siku chache baadaye, Kibwana akiwa amelala kwa nguvu ya dawa, Hafsa akalirudisha na kulisukuma chini ya kitanda, akamwambia mamaye kwamba kwake kuna panya. Kibwana alipoamka akalikuta. Hakukasirika, hata hasira zilikuwa zimemhama. Alimwelewa binti yake vizuri kabisa. Kulibeba sanduku lile ni kukubali kwamba baba anakufa, na Hafsa alikuwa amekataa.

Basi akapanda matatu, akalipeleka mwenyewe. Alifika soko la Kombani akihema, akalitua sanduku juu ya leso zilizokunjwa.

"Baba! Nani amekuruhusu kutembea?"

"Hafsa, itazame miguu hii ilivyofura. Nitakufa, mwanangu. Nalisema kila siku, nami mwenyewe silisikii. Sioni hofu, sioni uchungu, nimekuwa gogo. Lakini nikifikiri kadi hizi zitatawanywa, hapo nasikia. Niondolee hilo moja."

Hafsa alilia pale pale mbele ya wateja, bila kujificha. Kisha akajifuta kwa pembe ya leso, akalibeba sanduku akalitia nyuma ya kibanda, akalipiga kufuli lake mwenyewe.  Kibwana akarudi Msambweni.

Mwanakombo alipafagia chini ya kitanda pakawa peupe. Kibwana alidhani atapumua. Badala yake ganzi ilimwenea mwili mzima, maana sasa hapakuwa na kitu cha kuizuia. Alikula alichopewa, alimeza dawa, aliitika salamu. Mkewe akimwuliza analolifikiri, alijibu hafikiri lolote, na ilikuwa kweli.

Ijumaa moja baada ya swala alisikia hodi. Hafsa aliingia na sanduku kichwani.

"Tena, Hafsa?" alisema.

"Sikurudisha kitu." Alitandika mkeka barazani, akafungua kufuli, akaitoa Kameruni katika plastiki yake na kuipanga. "Nimekuja na kadi zangu. Ukitaka kuzitazama, baba, uniombe ruhusa kwanza. Na unawe mikono."

Kibwana aliwatazama watu wale aliokaa nao miaka yote. Beki wake wa kushoto alikuwa ametolewa, amewekwa benchi. Akafungua kinywa abishe, kisha akakifunga, maana timu haikuwa yake tena. Alikwenda akanawa mikono, akarudi, akaketi ukingoni mwa mkeka kwa adabu, kama mgeni.

"Naomba ruhusa, mwanangu," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, chote alichokuwa hakukilia tangu siku ya daktari. Hafsa alimngoja mpaka macho yakamkauka, asije akailowesha kadi, ndipo akamkabidhi kipa amshike.